Yah: Kiti cha Mtu wa Tatu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kudhibiti UKIMWI,
Halmashauri yetu.



Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kumbukumbu namba sina, kwa sababu barua zangu za nyuma hazikupata bahati ya kupewa namba. Nasikia zipo masjala, zimepumzika. Hii nimeamua kuiandika hadharani, si kwa kukuvunjia heshima, la hasha, ila kwa kuwa barua ya wazi haingoji mhuri wa kupokelewa.

Mimi unanifahamu kwa sura. Ni yule mwanamke anayesimama kando ya mgeni rasmi, nje kidogo ya kivuli cha hema, akichezesha mikono tangu wimbo wa taifa mpaka neno la shukrani. Ni mkalimani wa lugha ya alama. Nakushukuru kwa dhati kwa mialiko yako, maana mwisho wa mwaka ndio msimu wangu wa mavuno. Tarehe 25 Novemba tunazindua Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Tarehe 1 Desemba ni Siku ya UKIMWI Duniani. Tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Ndani ya siku tisa tunafanya sherehe tatu, na mara nyingi hema ni lile lile, viti ni vile vile vya plastiki, kwaya ni ile ile. Kinachobadilika ni bango na rangi ya fulana.

Kazi yangu hainiruhusu kusinzia wakati wa hotuba, raha ambayo wengine meza kuu huwa mnaipata. Kwa hiyo nimezisikiliza zote, neno kwa neno. Tarehe 25 anatajwa mwanamke anayepigwa, naye ana miguu ya kukimbilia kituoni, macho ya kumtambua aliyempiga na sauti ya kupigia yowe. Tarehe 1 anatajwa mwenye virusi, naye anasoma bango na kusikiliza redio. Tarehe 3 anatajwa mwenye ulemavu, anakabidhiwa kiti mwendo au fimbo nyeupe, anapigwa picha na mgeni rasmi, na hakuna anayemuuliza kama ana mume, ana mchumba, au ana mtu anayemwingilia usiku bila hodi. Mwanamke kiziwi aliyebakwa na mtu mwenye virusi ana haki ya kukaa mstari wa mbele siku zote tatu. Sijawahi kuletewa hotuba inayomtaja.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Mkapa aliutangaza ugonjwa huu kuwa janga la taifa, na tume ya kuudhibiti, TACAIDS, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Katika miaka yote hiyo tumewaelimisha wasioona kwa mabango na viziwi kwa redio. Sidhani tulifanya kwa ubaya. Tulidhani tu, kwa adabu zetu nzuri, kwamba watu hawa wanalala peke yao.

Wanaume wa mitaani hawakudhani hivyo. Wapo waliopiga hesabu kwamba msichana mwenye ulemavu hajaguswa na mtu, basi ni salama, hana haja ya kondomu. Na akisema, nani atamwelewa? Wapo walioamini jambo baya zaidi. Miaka ile ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa, wanawake wenye ualbino walibeba hofu ya juu yake: uongo uliozagaa kwamba kulala nao kunaponya UKIMWI. Yaani mwanamke anabakwa ili mbakaji apone. Hakuna bango letu hata moja, kati ya yale niliyoyaona, lililowahi kujibu uongo huo kwa maneno ya wazi. Tuliandika "Acha unyanyapaa" tukaenda kunywa chai.

Najua kamati inapenda takwimu, basi nisije mikono mitupu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU: wanawake asilimia 5.6, wanaume asilimia 3.0. Sensa ya 2022 nayo ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 11.2. Ukitaka hesabu hizi mbili zikutane, nakusafirisha mpaka Yaoundé, Kamerun. Huko watafiti waliwachukua watu wazima wenye ulemavu, wakawalinganisha na wasio na ulemavu wa umri ule ule, jinsia ile ile na mtaa ule ule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wenye VVU kati ya watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 6.8, kati ya wenzao asilimia 3.9. Waliotendewa ukatili wa kingono walikuwa asilimia 11.0 dhidi ya 7.5. Na ukatili huo, pamoja na ngono ya kulipwa, uliambatana na maambukizi kwa watu wenye ulemavu. Kwa wenzao wasio na ulemavu haukuonekana hivyo.

Kamerun si Tanzania, nakubali kabla hujasema. Ila Yaoundé walihesabu. Wewe ukifungua madaftari ya halmashauri yetu leo, utaweza kuniambia ni wanawake wangapi wenye ulemavu walipewa dawa ya kinga baada ya kubakwa mwaka jana? Nauliza kwa nia njema. Hata kama jibu ni sifuri, sifuri nayo ni takwimu.

Sasa nije kwenye kiti.

Huduma ya VVU, kuanzia kupima mpaka kuchukua dawa, imejengwa juu ya watu wawili na mlango uliofungwa: mshauri nasaha na mteja. Ndivyo tunavyofundishwa kwenye semina, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini mteja mwenye ulemavu akiingia, kinaletwa kiti cha tatu kutoka chumba cha jirani. Anayekikalia ni kaka, mama mkwe, jirani, mume, au mtoto wa shule aliyeombewa ruhusa. Yeye ndiye masikio ya kiziwi, macho ya asiyeona, miguu ya asiyetembea. Anaitwa msindikizaji, na kila mtu anamshukuru.

Nilikishuhudia kiti hicho kikifanya kazi, katika kituo ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimempeleka mwanangu kutibiwa, nikapita mbele ya chumba ambacho mlango wake haukuwa umefungwa vizuri. Ndani alikaa mama mmoja kiziwi, mwenye umri kama wangu, na shemeji yake. Muuguzi, binti mpole kabisa, alimgeukia shemeji: "Muulize ana wapenzi wangapi." Shemeji hakuuliza. Alijibu, "Hana." Muuguzi akaandika. "Muulize kama kuna mtu anamlazimisha." Hapo shemeji alimgusa yule mama begani, akapeleka vidole mdomoni, kisha akajishika tumbo. Mama akatikisa kichwa kukataa. "Anasema hakuna," shemeji akasema. Muuguzi akaandika.

Aliulizwa kama ana njaa, Mheshimiwa.

Fomu ile ilijazwa vizuri sana. Mkaguzi yeyote angeipa alama zote: swali la ukatili limeulizwa, jibu limepatikana, tarehe ipo, sahihi ipo. Nilibisha hodi, nikajitambulisha, nikaomba niingie kumsaidia kukalimani. Niliambiwa, kwa upole ule ule, kwamba haiwezekani kwa sababu ya usiri wa mteja.

Sisemi shemeji ndiye aliyemfanyia ubaya. Sijui, na huenda ni mtu mwema aliyeacha shamba lake siku nzima na kulipa bodaboda kutoka mfukoni mwake. Ninachosema ni kwamba katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyeweza kujua, na chumba kile kilijengwa kwa kazi ya kujua. Anayempiga mwanamke mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Msindikizaji pia ni mtu wa nyumbani. Sasa piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi watu hao wawili watakuwa mtu mmoja, na ni mara ngapi tumemkaribisha, tukampa kiti, tukamuuliza yeye kama yeye ni mkatili.

Sheria yenyewe inamjua mtu wa tatu na imempa nafasi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri ya aliyepimwa. Kisha inafungua mlango: mtu asiyeweza kuyaelewa majibu, majibu yake yanaweza kupewa mwenzi wake au mlezi anayetambulika. Nani anaamua kwamba mtu haelewi? Kwa kiziwi ambaye hajaenda shule, mbele ya muuguzi asiyejua alama hata moja, kuelewana kunashindikana pande mbili, lakini asiyeelewa huwa anaandikwa mmoja tu. Na mwenzi akishapewa majibu kabla ya mwenye majibu, yanayofuata nyumbani usiku huo hayaandikwi kwenye daftari lolote. Nimewahi kumsindikiza mwanamke ambaye alijua ana virusi kwa kufukuzwa. Nguo zake zilikuwa nje, sahani yake imetengwa, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Alipata maana siku kadhaa baadaye, kwa mikono yangu.

Mama mwingine haoni. Yeye masikio yake ni mazima kuliko yangu, kwa hiyo ungedhani mambo ni rahisi. Anakwenda kliniki na binti wa kaka yake, binti anabaki ndani kwa sababu ndiye atakayesoma tarehe ya kurudi kwenye kadi. Akifika nyumbani, chupa ya ARV na chupa ya dawa ya presha zinafanana mkononi: kimo kile kile, kifuniko kile kile. Kwa muda mrefu alikuwa anamwita mtoto wa jirani amchagulie, hadi mtaa mzima ukajua kuna dawa ya kuchaguliwa. Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja mzee wa dirisha la dawa, ambaye hakusubiri mwongozo wala semina. Alichukua mpira wa kufungia noti akauzungusha kwenye chupa ya ARV. Basi. Siku hizi mama anapapasa, anaupata mpira, anakunywa dawa yake saa tatu usiku bila shahidi. Huyo muuguzi nilitamani sana kumuona akipewa cheti siku ya tarehe 1 Desemba, lakini vyeti vilikuwa vimeisha kwa wadau waliotoa maji ya chupa.

Nikifika kwenye ukatili wenyewe, hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu. Mtu aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 72. Kisha anazimeza kwa siku 28. Saa 72 ni siku tatu. Kwa mwenye miguu, simu na sauti, siku tatu zinatosha, tena zinabaki. Mwanamke kiziwi siku ya kwanza anaitumia kumtafuta mtu wa kumwelewa nyumbani, na akimpata, siku ya pili familia inakaa kikao kuona kama yamalizwe kifamilia. Mbuzi wanajadiliwa. Siku ya tatu, kikao kikivunjika, ndipo safari inaanza kwa mtendaji, kutoka kwa mtendaji kwenda polisi kuchukua fomu ya PF3, kutoka polisi kwenda hospitali, na kila mlango unamuuliza upya: "Huyu mbona haongei?"

Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi ni jambo jema, nami ni miongoni mwa watu walioyapigia makofi. Ila nimefika kwenye dawati moja lililowekwa ghorofani, kwa sababu chini palikuwa na kelele na wahusika walitaka faragha. Nilikwenda na dada anayetumia kiti mwendo. Vijana wawili wa bodaboda walijitolea kumbeba ngazi zote, mmoja mgongoni, mwingine akishika kiti. Wakamfikisha. Wakasimama mlangoni, maana ndio watakaomshusha. Kwa hiyo maelezo yake yote, ya nani, lini na wapi, yalisikilizwa na askari, na mimi, na kijiwe kizima cha bodaboda kwa uwakilishi. Faragha ilikuwepo, Mheshimiwa. Ilikuwa ghorofani.

Akifanikiwa kufika mahakamani, huko nako kuna yake. Wanasheria watanisahihisha, lakini Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Tangu 1967! Tulitambua mikono ya bubu kuwa ushahidi kabla ya Azimio la Arusha kutimiza mwaka mmoja, na mpaka leo binti akienda kupima hakuna anayemjibu kwa mikono. Kwa upande wa wanawake wenye ulemavu wa akili, Kanuni ya Adhabu kwa miongo mingi imebeba kifungu cha 137, ambacho maneno yake ya kuwaita sitayarudia hapa. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 14, wakati kosa la kubaka linaanzia miaka 30. Kifungu kinasema wazi ni kwa mazingira ambayo si ya kubaka. Mimi si mwanasheria, nauliza tu: mtu anapolala na mwanamke akijua fika kwamba hana uwezo wa kuelewa anachoridhia, tofauti ya miaka 16 tumeinunua kwa bei gani?

Naomba nirudi nyuma kidogo kwenye suala la fedha, kwa kuwa lile neno la Yaoundé kuhusu ngono ya kulipwa usiliache lipite hivi hivi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Sina ugomvi na hesabu. Ila ninaowakalimania wanashindwa mlangoni kabisa, kwenye kuunda kikundi, kufungua akaunti, kuandika andiko la mradi. Mwanamke asiyeweza kupata mtaji wa kukaanga mihogo atakubali msaada wa anayeutoa, kwa masharti ya anayeutoa, na mtoaji hatapenda kuvaa kondomu. Kamati yenu inalipokea jambo hili kama "tabia hatarishi". Kuna hatari, ndiyo. Tabia ni ya nani?

Nije kwangu mwenyewe, usije ukafikiri naomba ajira. Mkalimani naye ni mtu wa tatu. Viziwi wa mji huu nawajua karibu wote: nimewakalimania kwenye harusi, misibani, kwenye vikao vya kugombania mipaka ya viwanja. Dada mmoja nilipoingia naye chumba cha kupimia alinitazama, akaniambia kwa alama, bila kupepesa: nakupenda sana, toka nje. Nikatoka. Yeye alitumia kipimo cha kujipima mwenyewe, ambacho sheria imekiruhusu tangu marekebisho ya 2019; kile kifaa huonyesha mistari, na mistari haihitaji mkalimani. Jibu lake silijui mpaka leo, na hiyo ndiyo huduma bora ya VVU niliyowahi kushiriki kuitoa. Kwa asiyeona kifaa hicho hicho kinamrudisha kwa mtu wa tatu, amsomee mistari. Kila mwili una mlango wake.

Dawa ya kweli ya kiti cha tatu ni kumtafuta mtu wa pili anayefaa. Jirani zetu Kenya walilifanya miaka ya mwanzo ya 2000, pale shirika la Liverpool VCT lilipofungua Nairobi kituo cha ushauri nasaha na upimaji kilichoendeshwa na viziwi wenyewe. Mshauri kiziwi, mteja kiziwi, mlango umefungwa, habari imeisha. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Ninafahamu kwamba ujumbe wa halmashauri yetu umewahi kwenda Kenya kwa ziara ya mafunzo, na picha zenu mbele ya jengo refu nilizipenda.

Utaniambia fedha za wafadhili zimekata. Ni kweli, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wengi wa miradi walirudi nyumbani, na waliokuwa wakitembea nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu dawa wakapotea njiani. Niliumia kama wewe. Ila nilishangaa kusikia kwenye kikao kwamba, kutokana na hali hiyo, huduma ya ukalimani vituoni "imesitishwa kwa muda". Nilitamani kuuliza ilianza lini, nikaona nisiharibu chai.

Sitakuletea mapendekezo kumi. Kabati la ofisi lina yale ya mwaka juzi, hayajachoka kusubiri. Nakuomba jambo moja lisilo na bajeti. Toa agizo kwamba kila mteja mwenye ulemavu, awe na nani, msindikizaji atoke nje kwa dakika kumi. Awe mume, awe mama, awe mkalimani. Dakika kumi hizo muuguzi akae naye. Ikibidi atumie picha, atumie karatasi, apige simu ya video kwa mkalimani wa wilaya nyingine asiyemjua mtu hapa. Hata wakishindwa kabisa kuelewana, mwanamke yule atakuwa ameona kwa macho yake au kusikia kwa masikio yake kwamba mahali hapa kuna mtu aliyetaka kumsikiliza yeye. Na yule msindikizaji atakayekataa kata kata kutoka, akapandisha sauti, akasema huyu ni wangu mimi ndiye ninayemwelewa, muuguzi amtazame vizuri. Pengine lile swali la ukatili limeshajibiwa.

Ukishalipitisha hilo, tutazungumza la pili, nalo ni kumpeleka binti mmoja kiziwi wa hapa hapa, wa kidato cha nne, kusomea ushauri nasaha. Ninao wanne wanaofaa. Majina yao nimeyaandika kwenye barua iliyopo masjala.

Dawati nalo lishuke chini. Hilo sikuliweka kwenye maombi kwa sababu si la kamati yako, lakini OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mnakaa naye meza moja tarehe 25, mnong'oneze tu.

Mwisho, kuhusu sherehe zijazo: nitakuja ukinialika, na safari hii naomba nakala ya hotuba mapema nijiandae. Nikikuta tena hakuna mahali anapotajwa yule mwanamke kiziwi aliyebakwa, nitaikalimani hotuba yako yote kwa uaminifu kama nilivyoapa, kisha nitamwongeza. Wanaojua alama watanielewa, na ninyi meza kuu mtadhani bado nakukalimani wewe. Posho yangu ya mwaka jana, ambayo bado "iko kwenye mchakato", nimeisamehe. Itumike kununua mipira ya kufungia chupa.

Wako mtiifu,
Mkalimani wa lugha ya alama.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa taarifa.
Afisa Ustawi wa Jamii, kwa utekelezaji.
Dawati la Jinsia na Watoto, ghorofani.